Nani atamgeuza mzee saa nane usiku?

Sista alikuja na tochi ya simu akamulika kitanda akasema "ndugu wa mgonjwa, huyu mzee anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili, sawa?" Nikaitikia sawa sista, akaenda kitanda kinachofuata. Nikabaki nimesimama pale. Baba yangu ni mtu wa mwili, amefyeka mapori na kupanda mikorosho tangu ujana wake, na usiku ule upande wake wote wa kulia ulikuwa umelala kwa kiharusi kama gunia lililolowa maji, mi sijui nianzie wapi, nimshike bega au kiuno, nimvute mkono au nisimvute. Nikamvuta mkono. Akaguna kwa maumivu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. Wiki iliyofuata ndo yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanielekeza kwamba mkono uliopooza hauvutwi hata siku moja, ile misuli inayolishikilia bega inakuwa haina nguvu tena, ukivuta bega linaweza kuchomoka mahali pake.

Wiki nzima nilikuwa namvuta.

Kuna swali ambalo familia nyingi huku kwetu Mtwara na Lindi hatulijadili mzazi akilazwa. Tunajadili hela, tunajadili apelekwe wapi, abaki hapa hapa mkoani au aende hospitali ya kanda pale Mitengo, au Ndanda, au Nyangao kwa wamisheni, au ndo tumsafirishe Muhimbili, hapo simu zinapigwa mpaka chaji inaisha. Ila nani atakaa nae, nani atamlisha, atamsafisha, atamgeuza usiku, hilo halina kikao. Linajijibu lenyewe, ataenda dada fulani kwasababu hajaolewa, au yule aliyeachika yuko nyumbani, au mke wa fulani. Na mi nasema hapo ndo tunapokosea kuliko pengine pote, kwasababu kwa ugonjwa kama kiharusi yule anayekaa na mgonjwa anabeba sehemu kubwa ya matibabu yenyewe, na tunamtuma hajafundishwa kitu, yuko peke yake, na mara nyingi hata hakuulizwa kama anaweza.

Kwetu ni wilaya ya Tandahimba. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka jana, msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, watu wote wako mashambani kuanzia alfajiri kabla upepo haujaanza. Mzee aliamka kuchukua udhu, kopo likamponyoka, mama akalisikia linagonga sakafu. Akatoka nje akamkuta amekaa chini anaongea maneno yasiyoeleweka na mdomo umekwenda upande. Majirani wakaja, mmoja akasema huu ni upepo mbaya, mwingine akasema mzee katupiwa kitu kwasababu ya ule mgogoro wa shamba, basi ikatafutwa dawa ya kufukiza, ikasubiriwa na mtu wa kuandika kombe, mi nakuja kupigiwa simu ni saa sita mchana. Siwalaumu, na kumuombea mgonjwa dua sio vibaya, mi mwenyewe nilisoma dua ndani ya gari. Ila hili lazima tuambiane wazi. Mdomo ukienda upande ghafla, mkono mmoja ukakosa nguvu ghafla, maneno yakawa hayaeleweki, hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vingine. Kama kimetokana na bonge la damu kuziba mshipa wa kichwani kuna dawa ya kuliyeyusha ambayo inatakiwa itolewe ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na sio kila hospitali inayo, lakini hata bila hiyo dawa kuwahi kunaokoa, presha inashughulikiwa mapema, mgonjwa analazwa vizuri, hapewi vitu vya kumpalia. Na msimpe aspirin kienyeji mkidhani mnasaidia, kwasababu kiharusi kingine kinatokana na mshipa kupasuka na damu kuvuja, kwa nje vinafanana, mpaka apigwe picha ya kichwa ya CT scan ndo inajulikana ni kipi.

Sisi tulifika hospitali usiku. Kutoka alfajiri mpaka usiku, na kipande kikubwa cha safari ni vumbi, kwasababu kwenye ile barabara ya Mtwara, Newala mpaka Masasi kipande kilichotangulia kupata lami ni cha Mtwara mpaka Mnivata, kilometa 50. Presha ya mzee pale zahanati ya njiani walisoma 210 kwa 120. Kuanzia 140 kwa 90 inaitwa presha ya kupanda, sasa piga hesabu mwenyewe. Ana miaka 68 na alikuwa hajawahi kupimwa presha, alikuwa anasema yeye haumwi, na kweli haumwi, presha haiumi mpaka siku inapoangusha mtu.

Usiku ule hospitali mpango wetu wote ukavurugika. Tulikuwa tumeshakubaliana bila kuongea kwamba atakaa nae dada yetu mkubwa, si ndo kawaida. Mlinzi akasema hii ni wodi ya wanaume, mama hauwezi kulala humu, utakuja muda wa kuona wagonjwa. Dada akanitazama. Mi ndo nilikuwa mwanaume pekee pale, mdogo wangu yuko Dar, shemeji yuko shamba. Nikakaa usiku mmoja nikijua kesho atapatikana mtu. Nikakaa siku 19.

Hebu tufanye hesabu ya hizo siku 19. Kugeuza kila masaa mawili ni mara 12 kwa siku, mara 228 kwa siku zote, na kila mara unamgeuza mtu mzito kuliko wewe, unaangalia ngozi ya visigino, nyonga na pale kwenye mfupa wa mkia kama pameanza kuwa pekundu au pameiva, unaweka mto mgongoni na mwingine katikati ya magoti, unanyoosha shuka isiwe na mkunjo. Ukiruka usiku mmoja tu ngozi inaanza kufa, na kidonda cha kulala kinachukua wiki na miezi kupona, wengine kinawamaliza wakati kiharusi chenyewe walishakishinda. Hapo hujahesabu kulisha, kubadilisha pampasi, kumwaga mkojo wa kwenye mfuko na kuandika kiasi, kukimbia dirisha la dawa, kurudi na karatasi ya malipo, kwenda duka la nje kununua kile ambacho ndani hakipo, kuwahi raundi ya madaktari asubuhi kwasababu ukikosekana dakika kumi ndo umekosa maelezo ya siku nzima. Usiku zamu ilikuwa na manesi wawili kwa wodi iliyojaa mpaka magodoro ya chini. Wale masista hawakai, wanazunguka usiku kucha, haiwezekani watu wawili wakawageuza wagonjwa wote wale kila masaa mawili, kwahiyo kazi inaachiwa ndugu. Ni utaratibu ambao kila mtu anaujua na haujaandikwa mahali. Ukienda pale na ukawa huna ndugu, au ndugu yako kalala fofofo kwa uchovu, hakuna anayekugeuza.

Na kazi yenyewe ina ujuzi, hii ndo sehemu inayoniuma. Siku ya nne shangazi yangu, dada yake baba wa tumbo moja, alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, kauchuja vizuri, katoka nao alfajiri kijijini. Mzee amelala chali. Shangazi akamwinua kichwa kidogo kwa kiganja akaanza kumnywesha kwa kikombe huku anamsemesha kimakonde kwa upole, kaka yangu kunywa upate nguvu. Mafunda mawili matatu yalipita, alafu mzee akaanza kukohoa, uso ukabadilika, sauti ikawa ya majimaji kama mtu anayeongea huku anasukutua. Tukampiga mgongo akatulia, tukaona yameisha. Baada ya siku mbili homa ikapanda, dokta akasikiliza kifua akasema nimonia, uji umeingia kwenye mapafu. Koo la mgonjwa wa kiharusi linaweza kuwa limepooza upande kama mkono ulivyopooza, kwahiyo kabla ya kulishwa anatakiwa kwanza apimwe kama anameza, na akilishwa awe amekalishwa wima, kijiko kidogo, unasubiri ameze ndo unaongeza, akikohoa au sauti ikawa ya majimaji unaacha hapo hapo unaita nesi. Maneno hayo yanachukua dakika mbili kumwambia mtu. Shangazi hakuambiwa, mi sikuambiwa. Ile nimonia ilituongezea siku nane za kulazwa na sindano za antibayotiki, na shangazi mpaka leo haamini kwamba uji wake haukuwa na kosa, anaupita huo mlango wa kumlisha kaka yake kama unachoma.

Sasa niseme la aibu, kwasababu hili ndo linafanya wanaume tukimbie. Kwetu ukishatoka jando unafundishwa mipaka na wazazi wako, chumba cha wazazi huingii, utupu wa baba yako huuoni. Leo unaambiwa umvue umsafishe. Siku ya kwanza nilifunga macho, kweli nilifunga, na baba aligeuzia uso ukutani machozi yakamtoka upande wa jicho linalofunga vizuri. Hatukuongea siku nzima ile, na sio kwasababu alikuwa hawezi kuongea. Nikawa naahirisha kumsafisha mpaka jioni, na kila saa aliyokaa na uchafu ngozi ilikuwa inaharibika, yaani aibu yangu ilikuwa inamtoboa baba mgongo.

Aliyetuokoa ni mtoto wa dada, kijana wa miaka 19, amemaliza form four yuko nyumbani. Alikuja kuleta chakula akakuta ile hali, akavaa glavu akasema "babu leo nimekukamata, mke wangu kaniagiza nikuogeshe vizuri, anasema humvutii tena." Mke wake hapo ni bibi yake, mama yangu mimi. Ule utani wa babu na mjukuu ambao kwetu kila mtu kaukuta, mjukuu anagombania bibi, babu anamtishia fimbo. Mzee akacheka. Mdomo ulicheka upande mmoja tu lakini alicheka, mara ya kwanza tangu aanguke, akanyanyua mkono mzima akajifanya anampiga. Na huku wanacheka kijana anamuosha, anamgeuza, anampaka mafuta, hakuna aliyeona utupu wa mtu. Nilitoka nje nikakaa kwenye kibaraza nikalia. Wazee wetu walishaacha mlango wa kupitia, mtu ambae mila inamruhusu kumshika mzee bila kumvunjia heshima, na sisi tulikuwa tumemtuma abebe hotipoti. Tangu siku ile tukagawana, mchana anaogeshwa na mjukuu, usiku nageuza mimi, na taratibu hata mi na baba tukazoeana, akawa ananipa ishara kwa vidole vya kushoto, kimoja nimgeuze, viwili anataka maji.

Tuje kwenye hela. Kwenye grupu letu la WhatsApp mdogo wangu wa Dar alikuwa anatuma, na anatuma kweli, laki moja, laki moja na nusu, na ya kutolea. Ila kila akituma ilikuwa kama amemaliza zamu yake, alafu yanafuata maagizo, kwanini hajapigwa picha nyingine, kwanini hamjamuamishia Muhimbili, mwambieni dokta hivi. Simchukii kwa hilo, nimekuja kuelewa ni woga, mtu aliye mbali hana cha kushika kwahiyo anashika simu. Lakini hela haigeuzi mtu. Tuliochoka wodini tulikuwa tunaona zile meseji saa tano usiku tunanyamaza, na ule ukimya ulikuwa unatutenganisha kama ndugu bila mtu kutamka neno baya.

Na msimu. Mwezi wa saba mkulima wa korosho hana hela, ameshakopa kwa ajili ya palizi na vibarua wa kupuliza, minada inaanza mwezi wa kumi na malipo yanakuja baada ya hapo. Kwahiyo ugonjwa wa mwezi wa saba unalipwa kwa kuuza korosho kabla hazijazaliwa, wanaita kangomba, kwa bei ya kutupa, na mwakani mnaanza mmepungukiwa. Kuna watu wana bima na bado wanaingia humo. Dada yangu ni mwalimu, ana NHIF, ile bima ya afya ya taifa, na mchangiaji anaruhusiwa mwenza na wategemezi wanne. Aliandikisha watoto wawili, mama mzazi na mama mkwe. Baba akaachwa kwasababu baba ni mzima, ana nguvu, hajawahi kulala hospitali. Ukiangalia familia nyingi utakuta ndo hivo hivo, akina baba wanabaki nje ya kadi kwa sifa ya uzima. Hata ile CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo kaya ya watu sita ilikuwa inalipa 30,000 kwa mwaka, mzee aliikataa akasema hiyo hela ni ya mfuko wa mbolea. Bunge lilishapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na mi maoni yangu kwa huku kwetu uandikishaji ungefuata minada, mtu anaandikishwa pale pale chama cha msingi cha wakulima siku malipo yanaingia, sio mwezi wa tano akiwa hana hata ya chumvi.

Kuna sheria nyingine niliisoma baada ya mwajiri wangu kuniuliza nimekosekana kwa ruhusa ya nani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku nne zenye malipo mtoto wake akiumwa au akifariki. Kwa mzazi zinatolewa akifariki. Akiumwa mzazi, kwenye hizo siku nne hayumo. Nilirudia kusoma kile kifungu mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Yaani baba yangu angekufa ile wiki ya kwanza ningepewa siku nne kumzika, lakini kumgeuza asife nilikatwa kwenye likizo yangu ya mwaka. Hili wabunge wetu wa kusini wangelibeba ningeshukuru sana, kwasababu halihitaji bajeti ya mabilioni.

Alafu lile la nani anaamua. Sisi Wamakonde, kama Wamwera na Wayao, ukoo unafuata mama, baba ni wa kwao, wenye sauti juu yake ni dada zake na wapwa zake, sisi watoto ni wa upande wa mama yetu. Mjini tumeshasahau lakini mtu akiumwa sana mila inarudi yote. Dokta alisema wazi, picha imeshaonyesha ni bonge, hamna cha kupasua, kilichobaki ni presha, kulishwa vizuri, kugeuzwa na mazoezi, na hayo yote yanafanyika hapa. Wapwa wakasema hapana, mjomba wetu aende Muhimbili, watu watasema tumemuacha afie hapa. Ni kama kilometa 560 mpaka Dar. Sawa, siku hizi kuna daraja la Mkapa tangu 2003, hamna tena kukesha pale Ndundu mkisubiri kivuko, lakini ni mtu mwenye nimonia na mpira wa mkojo. Nakubali kuna wagonjwa ambao Muhimbili ndo uhai wao. Ila tujiulize kwa ukweli kama tunamsafirisha mgonjwa au tunasafirisha hofu yetu ya kusemwa, kwasababu ile hela ya gari la wagonjwa, nauli za wasindikizaji na pa kulala Dar, ingelipa mtu wa mazoezi kuja nyumbani miezi mitatu. Tulichofanya tukaomba dokta aongee na watu watatu tu, mpwa mkubwa, mama na mimi, kwenye benchi la nje. Aliongea nao dakika ishirini kwa heshima, akawaita wajomba, akajibu kila swali, na yule mpwa mkubwa ndo akawapigia wengine akawatuliza. Nisingeweza mimi, ningeonekana mtoto anayebana hela.

Kwa hospitali ombi langu ni moja, na sitaji ni hospitali gani kwasababu najua sio hiyo peke yake. Siku mgonjwa anapolazwa, yule ndugu aliyebaki pale afundishwe. Robo saa inatosha, namna ya kugeuza, namna ya kulisha, mkono usivutwe, ngozi iangaliwe wapi, dalili gani aite nesi. Tena asiambiwe kwa mdomo tu, amgeuze mgonjwa mwenyewe huku nesi anaangalia. Kliniki za mama wajawazito wanafundishwa vizuri tu kila wiki na watu wanaelewa, kwahiyo uwezo wa kufundisha upo. Na badala ya hilo jina la "ndugu wa mgonjwa" waulize jina la mtu, siku 19 hakuna aliyewahi kuniuliza naitwa nani.

Mzee yuko nyumbani sasa. Anakaa, anasimama kwa kushikiliwa, mkono wa kulia bado. Pale ukutani kwa mama kuna kalenda ya chama cha msingi tumeandika zamu kwa kalamu nyekundu, majina sita, wanaume wanne, na wa Dar amepewa wiki mbili kama wengine na hakuna kulipa badala yake. Alibisha kama mwezi mzima. Alikuja mwezi wa pili na begi la nguo na pakti tatu za pampasi. Usiku wa kwanza nikiwa nyumbani kwangu Magomeni, hii ya Mtwara mjini, simu ikaita, kuangalia saa ni saa nane kasoro, nikashtuka nikajua tayari. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, akaniuliza "kaka, hivi ule mto mkubwa unakaa upande gani?"

Nikamwambia mgongoni, mdogo katikati ya magoti, mkono usiushike kabisa, shika bega na nyonga kwa pamoja alafu mlete kwako taratibu, na usikate simu mpaka umemaliza.